Shampeni za bei mbaya: je, zinastahili sifa zake? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hurudi kila mtu anapoiona chupa ya euro 250 imekaa kando ya ya euro 40, zote zikiwa zimeandikwa Champagne. Tumeanza na ya msingi. Mwenye haraka aruke moja kwa moja hadi "Ladha", maana ubishi mwingi uko huko.

## Mambo ya msingi

Shampeni ni mvinyo gani hasa?

Ni mvinyo wenye mapovu kutoka eneo la Champagne, kaskazini mashariki mwa Ufaransa, kilomita kama 150 kutoka Paris, kuzunguka miji ya Reims na Épernay. Mashamba yake ya mizabibu ni hekta 34,000 hivi na mipaka yake imewekwa kisheria. Ukivuka mpaka, hata kama zabibu ni zilezile na njia ni ileile, ulichonacho ni mvinyo wa mapovu tu. Zabibu zinazotumika zaidi ni za aina tatu: Chardonnay, Pinot Noir na Meunier.

Mapovu hutengenezwa ndani ya chupa. Mvinyo uliokwisha kuchacha huongezwa sukari na hamira, chupa hufungwa, nao huchacha mara ya pili. Gesi haina pa kutokea, hivyo hubaki humo kwa mgandamizo wa karibu bar 6. Kisha chupa hulazwa na mashapo yake ya hamira. Kadiri hamira iliyokufa inavyomong'onyoka ndivyo mvinyo unavyopata ile ladha ya mkate uliotoka tanuri. Mwishoni mashapo hutolewa, hutiwa mvinyo kidogo wenye sukari, na kizibo hupigwa.

Kisheria, shampeni isiyoandikwa mwaka haiuzwi kabla ya miezi 15, na 12 kati ya hiyo iwe imelala na mashapo. Yenye mwaka wa mavuno husubiri miaka 3. Hicho ndicho kiwango cha chini; wazalishaji makini hukipita mbali.

Na shampeni "ya hadhi" ni ipi?

Sheria za Champagne zinaingilia karibu kila kitu, hadi kilo ngapi zikamuliwe zitoke lita ngapi, lakini hili halimo. Ile wanayoiita *cuvée de prestige* ni chupa ambayo kampuni yenyewe imeamua ndiyo ya juu kabisa kwake. Hakuna mkaguzi wa kuithibitisha.

Zinazotajwa zaidi ni Dom Pérignon ya Moët & Chandon (mavuno ya kwanza 1921, ikaingia sokoni 1936), Cristal ya Louis Roederer, iliyoanzishwa 1876 kwa ajili ya Tsar Alexander II wa Urusi, Comtes de Champagne ya Taittinger, La Grande Dame ya Veuve Clicquot, na Sir Winston Churchill ya Pol Roger. Wapo wenye njia yao. Krug haina chupa inayoiita ya kawaida. Salon hutoa mvinyo mmoja tu, wa Chardonnay ya kijiji cha Le Mesnil-sur-Oger, tena katika miaka inayoiridhisha. Karne nzima ya 20 ilitoa mavuno 37.

Jibu la haraka: zinastahili au hazistahili?

Zilizo bora kati yake zinastahili, ila kwa sharti la muda. Sifa za Dom Pérignon, Cristal, Comtes na wenzao zimejengwa na chupa zilizonywewa zikiwa na miaka 15, 20 au zaidi. Nyingi zinazofunguliwa harusini na kwenye vilabu ndiyo kwanza zimeingia sokoni. Mnywaji analipia mvinyo mmoja na kunywa mwingine, kisha anasema amepigwa. Undani wake uko kwenye swali la "Nilifungua chupa ya bei kubwa" hapo chini.

Kuhusu bei pia lipo la kusema wazi. Kutoka euro 25 hadi 60 ubora hupanda kwa kasi. Kutoka 60 hadi 100 bado hupanda. Kuanzia 200 kwenda juu, kila euro ya ziada hununua ladha kidogo na jina kubwa.

Ni kweli mtawa Dom Pérignon ndiye aliyevumbua shampeni?

Hapana. Pierre Pérignon (1638–1715) alikuwa msimamizi wa mvinyo katika abasia ya Hautvillers, na umahiri wake ulikuwa kuchanganya zabibu za mashamba mbalimbali. Mapovu aliyahesabu kuwa kasoro. Mwingereza Christopher Merret alikwisha kueleza mwaka 1662 jinsi sukari inavyoongezwa kwenye mvinyo ili utoe povu. Ile kauli kwamba mtawa aliita wenzake akisema anakunywa nyota ilitoka kwenye matangazo ya biashara ya miaka mingi baada ya kifo chake.

## Bei

Kwa nini hata ya kawaida ni ghali?

Anza na zabibu. Sheria inasema kilo 4,000 zitoe lita 2,550 tu za maji ya zabibu. Hizo ni chupa 3,400, yaani karibu kilo 1.2 kwa chupa. Miaka ya karibuni kilo moja imekuwa ikiuzwa kwa euro 6 hadi 8 hivi, kwa hiyo kabla hujanunua hata kizibo, umeshatumia kati ya euro 7 na 10. Mazao ni lazima yavunwe kwa mikono, mashine haziruhusiwi. Ardhi nayo imepanda hadi wastani wa karibu euro milioni moja kwa hekta, na kwenye vijiji vya Chardonnay ni zaidi.

Juu ya hayo kuna mtaji unaolala gizani bila kuzaa. Kampuni inayouza chupa milioni kadhaa kwa mwaka huwa na mara tatu au nne ya idadi hiyo kwenye mahandaki ya chaki. Riba ya benki haingojei hamira.

Tofauti kati ya chupa ya euro 45 na ya euro 250 inaenda wapi?

Sehemu yake inaingia kweli kwenye chupa. Zabibu hutoka kwenye mashamba bora, mkamuo wa kwanza pekee ndio hutumika, na mvinyo hulala muda mrefu zaidi: Dom Pérignon hukaa karibu miaka minane kabla ya kuuzwa, Comtes de Champagne huweza kufika kumi. Krug Grande Cuvée huchanganywa kutoka mivinyo zaidi ya 120 ya miaka kumi na zaidi tofauti, na kuitunza yote hiyo mbalimbali ni gharama.

Hata hivyo piga hesabu. Zabibu za kiwango cha juu kabisa bado ni kama euro 10 kwa chupa. Ongeza miaka minane ya ghala, wafanyakazi, chupa nzito na boksi la kifahari, bado ni vigumu kufika nusu ya hizo 250. Kinachobaki ni faida, matangazo na thamani ya kuonekana unayo. Si dhambi. Saa za bei mbaya zinauzwa hivyohivyo. Ila ujue unachonunua.

Uhaba wake ni wa kweli?

Inategemea jina. Clos du Mesnil ya Krug inatoka kwenye shamba lenye ukuta la hekta 1.84, na Clos d'Ambonnay kwenye hekta 0.68. Hapo hata ukitaka kuongeza chupa huwezi, na bei ya maelfu ya euro angalau ina sababu unayoweza kuitembelea kwa miguu. Salon ya mwaka 2008 ilitolewa magnum (chupa za lita moja na nusu) 8,000 pekee.

Dom Pérignon ni habari nyingine. Kampuni haitangazi idadi, na wafanyabiashara wengi wanaamini ni mamilioni ya chupa kwa kila mwaka wa mavuno. Inapatikana karibu kila uwanja mkubwa wa ndege duniani. Kwangu mimi hilo ndilo la kustaajabia: kutengeneza mvinyo mzuri kiasi kile kwa wingi ule ni kazi ngumu kuliko kutengeneza mapipa matatu ya ajabu. Lakini ukiambiwa ni adimu, cheka.

Ile chupa ya dhahabu yenye alama ya jembe la karata, ni mvinyo au ni mbwembwe?

Ni vyote viwili. Mwaka 2006 mkuu wa Louis Roederer aliulizwa na jarida la The Economist kuhusu wasanii wa rap kuishabikia Cristal, akajibu kwa namna ambayo Jay-Z aliiona ni dharau. Jay-Z akaigomea Cristal hadharani. Mwaka huohuo ikaibuka Armand de Brignac, ndiyo hiyo chupa ya dhahabu, inayotengenezwa na familia ya Cattier katika kijiji cha Chigny-les-Roses. Jay-Z aliinunua chapa hiyo 2014, na 2021 akauza nusu yake kwa kundi la LVMH.

Mvinyo wenyewe ni mzuri, umejaa matunda na ni laini. Lakini haujaandikwa mwaka, na kwa pesa zake utapata Cristal au Comtes na chenji ibaki. Anayeinunua ananunua dhahabu ionekane kwenye mwanga wa klabu, na kwa kazi hiyo haina mpinzani.

## Ladha

Mtu wa kawaida anaweza kuonja tofauti bila kuona lebo?

Kati ya shampeni dhaifu ya supermaketi na nzuri ya euro 50, wengi huweza. Kati ya nzuri ya euro 50 na ya euro 250 iliyo changa, wengi hushindwa, na wataalamu nao huumbuka mara nyingi kuliko wanavyokiri.

Uchambuzi mmoja wa mwaka 2008 ulikusanya maonjo zaidi ya 6,000 ya mivinyo ya kila aina, yaliyofanywa Marekani bila waonjaji kujua bei. Wasio na mafunzo, kwa wastani, waliipendelea kidogo mivinyo ya bei ndogo. Waliosomea mvinyo walielemea kidogo upande wa bei kubwa. Mwaka huohuo, watafiti wa California akiwemo Hilke Plassmann waliwaweka watu kwenye mashine ya kupima ubongo, wakawapa mvinyo uleule mara mbili, mara wakiambiwa ni wa dola 10, mara dola 90. Ulipoitwa wa dola 90 waliusifu zaidi, na sehemu ya ubongo inayohusika na raha ikachangamka zaidi.

Wengi huyasoma matokeo hayo kama ushahidi kwamba wapenzi wa shampeni ni waongo. Mimi nayasoma tofauti: raha ile ilikuwa ya kweli, ila haikutoka kwenye glasi.

Basi ladha ya shampeni kubwa ikoje inapokuwa tayari?

Chukua Comtes de Champagne, ambayo ni Chardonnay tupu. Ikiwa changa inanusa ndimu, tofaa la kijani na kitu kama chaki iliyolowa. Uchachu wake unakamata pembeni mwa ulimi, na baada ya kumeza mvinyo unajifunga kama mlango. Ni safi, ni nzuri, lakini haina mazungumzo.

Ipe miaka 15 hadi 18. Rangi imeanza kuelekea dhahabu. Harufu ya ndimu imekuwa ya ndimu iliyopikwa na sukari, nyuma yake kuna siagi, lozi za kukaanga, mkate uliobanikwa, asali isiyo na utamu wa asali, na kwa mbali kahawa. Mapovu yametulia, yanausukuma mvinyo badala ya kuchoma. Uchachu bado upo, sasa umebeba vyote hivyo bila kuonekana. Meza, kisha nyamaza: ladha inaendelea kubadilika kinywani kwa muda ambao chupa ya kawaida ingekuwa imekwisha kusahaulika. Huo urefu ndio unaolipiwa, na hakuna njia ya mkato ya kuupata.

Nilifungua chupa ya bei kubwa na sikuona cha ajabu. Kosa liko wapi?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na mara nyingi mvinyo hauna hatia.

Kwanza, umri. Shampeni hizi hutengenezwa na uchachu mwingi ili zidumu. Kuifungua ikiwa ndiyo kwanza imeingia sokoni ni kumhukumu mtu kwa alivyokuwa darasa la nne. Kampuni zenyewe zinalijua hilo: mvinyo wa 2008, mwaka wa baridi na uchachu mkali, Cristal na Dom Pérignon waliuchelewesha makusudi, wakautoa baada ya ule wa 2009.

Pili, baridi. Chupa inayotoka kwenye ndoo ya barafu iko karibu na nyuzi 4 au 5. Kwenye baridi hiyo harufu hulala na kinachobaki ni mapovu na ukali. Shampeni kubwa inyweke kwenye nyuzi 10 hadi 12. Itoe kwenye friji dakika ishirini kabla, na usiirudishe barafuni kila baada ya kumimina.

Tatu, glasi. Ile nyembamba ndefu inaonyesha mapovu vizuri na kuziba pua. Tumia glasi ya mvinyo mweupe, yenye tumbo na mdomo uliobana kidogo. Watengenezaji wengi wa Champagne ndivyo wanavyokunywa wenyewe.

Nne, mahali. Katikati ya hotuba, keki na muziki, hata chupa ya maelfu ya euro haisikiki. Sherehe ya watu hamsini haihitaji Cristal.

Na tano, huenda hupendi tu. Ladha ya uyoga, mkate na kokwa si ya kila mtu, na mwenye kupenda utamu wa matunda atafurahi zaidi na chupa changa ya nusu bei. Hilo si upungufu.

Mapovu madogo ni dalili ya ubora?

Si moja kwa moja. Gérard Liger-Belair wa Chuo Kikuu cha Reims, aliyeyachunguza mapovu kwa miaka mingi, ameonyesha kwamba huanzia kwenye nyuzinyuzi ndogo za vumbi au kitambaa zilizonata ndani ya glasi. Glasi laini iliyo safi kabisa haitoi karibu povu lolote, ndiyo maana baadhi huchorwa kwa leza chini. Ukubwa wa povu hutegemea gesi iliyobaki, na chupa iliyokaa sana imepoteza sehemu ya gesi yake. Mapovu madogo basi hudokeza umri kuliko ubora.

Mbona ni kali? Nilitarajia iwe tamu.

Soma lebo. *Brut*, iliyo nyingi zaidi madukani, ina sukari isiyozidi gramu 12 kwa lita. *Extra brut* ni hadi gramu 6. *Brut nature* haikuongezwa sukari kabisa. Zenye utamu ni *demi-sec*, gramu 32 hadi 50. Mtego ni *extra dry*: jina linadai ukavu mwingi, kumbe ina gramu 12 hadi 17. Karibu chupa zote za hadhi ni brut au kavu zaidi, hivyo pesa zaidi haitakununulia utamu.

## Kununua

Lebo inaniambia nini chenye maana?

Tafuta herufi mbili ndogo kando ya namba ya usajili. NM ni kampuni inayoweza kununua zabibu kwa wengine. RM ni mkulima anayetengeneza mvinyo kwa zabibu zake. CM ni chama cha ushirika. Hakuna aliye bora kwa herufi peke yake. Kuna wakulima wavivu na kuna vyama vya ushirika hodari.

Jambo ambalo lebo haikwambii ni kwamba kampuni inaruhusiwa kununua chupa zilizokwisha kutengenezwa na wengine, zikiwa bado na mashapo, ikazimalizia na kuzibandika jina lake. Chupa nyingi za bei ya kutupwa hupatikana hivyo.

*Grand Cru* inamaanisha zabibu zote zimetoka kwenye vijiji 17 vya daraja la juu. Ni dalili nzuri, si hakikisho, kwa sababu daraja limepewa kijiji kizima pamoja na mashamba yake mabaya. Chenye faida zaidi ni tarehe mashapo yalipotolewa, kama imeandikwa nyuma. Krug tangu 2011 huweka namba ambayo ukiiingiza kwenye tovuti yao hukupa historia ya chupa yako. Natamani wote wangefanya hivyo.

Kwa euro 50 hadi 100 nichukue nini badala ya ile ya 250?

Hapa ndipo pesa inafanya kazi. Kundi linalosahaulika ni shampeni za mwaka za kampuni hizohizo kubwa, zisizo za hadhi: Louis Roederer Vintage, kwa mfano, iko chini ya kivuli cha Cristal na bei yake ni sehemu ndogo tu ya ile. Kwa zisizo na mwaka, Charles Heidsieck Brut Réserve hubeba mvinyo mwingi wa akiba wa miaka ya nyuma na kukupa ile ladha ya ukomavu bila kungoja. Kwa wakulima, Pierre Péters wa Le Mesnil-sur-Oger na Larmandier-Bernier wa Vertus wanafahamika kwa Chardonnay. Katika ushirika, Palmer & Co wa Reims hawajapata sifa wanayostahili.

Mtu akiniambia ana euro 250, humshauri anunue chupa tatu za kundi hili, anywe moja na kuzificha mbili.

Crémant, Cava au Franciacorta haziwezi kushika nafasi?

Zinaweza kushika nafasi ya shampeni ya euro 25, na mara nyingi zikaishinda. Zote huchacha ndani ya chupa. Crémant za Ufaransa na Cava ya Hispania hulala na mashapo angalau miezi 9 (Cava ya Gran Reserva miezi 30), Franciacorta ya Italia miezi 18. Prosecco nyingi huchachia kwenye tangi na ni kinywaji cha aina nyingine, chepesi na cha matunda.

Mpinzani wa karibu zaidi ni kusini mwa Uingereza, kwenye udongo wa chaki na hali ya hewa inayozidi kuwa ya joto. Taittinger walinunua shamba huko Kent mwaka 2015. Watu wa Champagne hawapandi mizabibu nje kwa matembezi.

Chupa iliyokomaa miaka 20 ni mchezo mwingine. Hapo bado sioni wa kuziondoa zile za Champagne.

Mwaka wa mavuno una uzito gani?

Mkubwa kwenye chupa za hadhi, maana nyingi ni za mwaka mmoja. Kwa za karibuni, 2002, 2008 na 2012 zinaheshimika sana. 2003 ilichomwa na joto na mivinyo yake mingi ina uchachu mdogo. 2017 mvua ilileta kuoza. Ukikutana na kampuni inayotoa chupa ya hadhi karibu kila mwaka bila kujali hali ya hewa, jiulize.

## Kutunza na kumimina

Niihifadhi wapi?

Gizani, kwenye nyuzi 10 hadi 12 zisizopandapanda. Friji ya jikoni inafaa kwa wiki chache, si kwa miaka. Mwanga ndio adui anayedharauliwa: huamsha harufu ya kabichi iliyochemshwa, na chupa angavu huathirika haraka. Cristal, ambayo tangu enzi za Tsar ina chupa angavu yenye kitako bapa, huvalishwa karatasi ya rangi ya machungwa kuzuia miale hiyo. Usiivue hadi siku ya kunywa. Na chupa iliyosimama rafuni chini ya taa kali kwa miezi, iwe ya bei gani, iache hapohapo.

Kijiko mdomoni mwa chupa huhifadhi mapovu?

Hapana. Baridi ya friji ndiyo inayofanya kazi, kijiko kinapata sifa. Nunua kizibo cha kubana. Mvinyo utakufaa hadi kesho, na baadhi ya chupa kubwa huonja vizuri zaidi siku ya pili.

## Maswali ya pembeni

Shampeni ya zamani kabisa bado hunyweka?

Mwaka 2010 wapiga mbizi waliibua chupa 168 kutoka meli iliyozama karibu na visiwa vya Åland, katika bahari ya Baltiki. Zilikuwa zimekaa chini karibu miaka 170, nyingine zikiwa za Veuve Clicquot. Baadhi zilinyweka. Zilikuwa na sukari karibu gramu 140 na zaidi kwa lita, zaidi ya mara kumi ya brut ya leo, kwa sababu ndivyo wanywaji wa enzi hizo walivyopenda. Baridi, giza na utulivu wa bahari vilizifanyia kazi nzuri kuliko maghala mengi.

Ni uwekezaji mzuri?

Bei za shampeni za hadhi zilipanda sana 2021 na 2022, kisha zikashuka, na walionunua kileleni wamekwama nazo. Bila ghala la kulipia na karatasi za kuthibitisha chupa ilikotoka, hutapata mnunuzi makini. Uzuri wake ni kwamba hasara yake unaweza kuinywa.

Zipo bandia?

Zipo, hasa za majina yanayofahamika kuliko zilizo adimu. Angalia jina la kampuni kwenye kizibo chenyewe, namba ya usajili kwenye lebo, na ubora wa uchapishaji. Neno Champagne lazima liwe limechomwa kwenye kizibo. Bei iliyo nusu ya kila mahali inatosha kukufanya uondoke.

Nampelekea zawadi mtu asiyeijua shampeni. Nimnunulie Dom Pérignon?

Kama unataka afungue boksi na kushtuka, ndiyo. Hapo jina ni sehemu halali ya zawadi, na yote niliyosema kuhusu kulipia jina hayahusiki.

Kama mtainywa usiku huohuo, magnum ya shampeni nzuri isiyo na mwaka, kwa karibu euro 100 au kidogo zaidi, italeta kishindo kikubwa mezani na kuwatosha wageni wengi. Na kama ni ya kutunza, labda kwa mtoto aliyezaliwa au ndoa, nunua ya mwaka husika pindi itakapotoka, ambayo kwa chupa za hadhi ni baada ya miaka minane au kumi. Andika kwa kalamu juu ya boksi mwaka wa kufungua, si kwenye lebo, na umwambie kwa mdomo kwamba sebuleni si mahali pake.